Mahaba ya Kutu

Wapo watu ambao akili zao hazina ila, wanaojua kujumlisha na kutoa, wanaotunza ahali zao na kulipa madeni yao kabla ya kudaiwa, lakini ambao wakipita mahali wakaona gari kuukuu limelala chini ya mwembe, magurudumu yamezama ardhini na taa moja imeng'oka, hubadilika sura, hupunguza mwendo, hutazama kushoto na kulia mithili ya watu wanaokusudia jambo la haramu, kisha huuliza kwa sauti ya unyenyekevu, "Mwenyewe ni nani?" Swali hilo ndilo mwanzo wa gharama zote. Mimi ni mmoja wa watu hao, na kwa kuwa jamaa zangu wameniuliza mara nyingi ni jambo gani linalomfanya mtu mzima afufue chuma ambacho jua, mvua na upepo wa bahari vimekwisha kukikatia hukumu, nimeona afadhali niwajibu kwa maandishi, maana kwa mdomo hawanipi nafasi ya kumaliza.

Gari lenyewe ni Landrova fupi ya mwaka 1964, niliyoikuta katika shamba moja la katani mkoani Tanga, ambako ilikwisha kustaafu kazi ya kubeba wanyapara na kuingia katika kazi ya kulea kuku. Juu ya kiti cha dereva palikuwa na kuku anaatamia, na muuzaji, mzee mwenye adabu nyingi katika maneno na huruma haba katika bei, alinieleza kwa kirefu kwamba kuku hayumo katika mauzo, na kwamba itanilazimu kungoja mpaka vifaranga watoke. Nilingoja. Mke wangu aliposikia habari hiyo aliuliza kama isingekuwa faida zaidi kununua kuku na kumwachia mzee gari lake.

Si vema kulisema gari bila kutaja nasaba yake. Landrova ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na aliyeibuni, Maurice Wilks, alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, mwenye shamba katika kisiwa cha Anglesey, ambako alikuwa akitumia jipu la Kimarekani lililobaki vitani. Kwa kuwa baada ya vita feleji ilikuwa ya mgawo katika nchi ile, bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Watu wengi wakisikia hivyo hufurahi, wakadhani wamepata gari ambalo kutu hailijui. Hawajui hila iliyofichika. Bodi ni aluminiamu, naam, lakini chesi inayoibeba ni feleji, tena ni feleji iliyoundwa mfano wa sanduku refu lililo wazi ndani, na maji ya chumvi yakiingia humo hayana haraka ya kutoka. Kutu huanzia ndani, mahali ambapo msasa haufiki na jicho halioni, wakati nje rangi inang'aa na mwenyewe anapokea pongezi. Na pale aluminiamu inapogusana na feleji, pakishika unyevu wa chumvi, umeme mdogo usioonekana hupita kati ya madini hayo mawili, na ile aluminiamu iliyosifiwa sana huliwa pole pole ikawa unga mweupe. Mji wa Tanga, ambako kaskazi na kusi hupokezana zamu kumletea mtu chumvi mpaka mlangoni bila malipo, ni katika miji isiyofaa kabisa kwa mapenzi ya namna hii.

Fundi wa kuchomelea, kijana mpole ambaye nilimchagua kwa sababu hakucheka, aligonga chesi kwa nyundo toka mbele hadi nyuma, akisikiliza mlio wake, kisha akasema, "Mzee, kuchomelea si taabu. Taabu ni pa kushikia." Maana yake ni kwamba kiraka cha chuma kipya hakikubali kukaa juu ya kutu, hutaka chuma kizima pembeni yake; na kila alipokwangua kukitafuta chuma hicho kizima, tundu lilizidi upana na uzima ulizidi umbali. Asubuhi tulikuwa na tundu la kupitisha kidole. Alasiri mkono wa fundi uliingia mpaka kiwikoni, ukatoka na kiota cha nyigu na spana moja, ambayo bila shaka fundi fulani wa zamani aliitafuta siku kutwa, na alipoikosa akamsingizia utingo wizi.

Akaja fundi wa umeme, mtu hodari ambaye hakuwa na ila isipokuwa kuzaliwa nyuma ya wakati wa gari lile. Katika Landrova za miaka ile waya wa betri uliofungwa kwenye bodi ulikuwa ule wa chanya, ilhali katika magari ya leo hufungwa ule wa hasi. Kijana akafunga kama alivyofundishwa, akapiga stati, injini ikanguruma kwa sauti iliyotutoa machozi, na kabla hatujamaliza kupeana mikono, moshi mweupe ukatoka kwenye kile kisanduku kinachodhibiti chaji, ukapanda taratibu kama ubani wa maulidi, na watoto wa jirani wakapiga makofi.

Sasa, kwa nini? Wako wenzangu wanaosema kwamba hufanya hivi ili kubana matumizi, kwa kuwa gari la zamani halina bei kubwa. Uongo huu tunaambizana sisi kwa sisi, na hatuwaambii wake zetu kwa sababu wao huweka stakabadhi. Wengine husema ni kuhifadhi ustadi wa wahenga, na mimi neno hilo nalipenda, hasa nikiwa na wageni. Lakini sababu ya kweli niliigundua mbele ya nyumba yangu, na ni sababu ya barazani.

Gari jipya likipata maradhi huwasha taa ndogo ya manjano, na hakuna mwanadamu awezaye kubishana na taa. Fundi huja na chombo chake, akakichomeka, akasoma namba, akaondoka. Mkweche ukigoma kuwaka, mashtaka ni machache na yako wazi kwa kila mtu: ama petroli haifiki, ama cheche haitoki, ama kabureta imeingiwa na takataka, na kwa kuwa yako wazi, kila apitaye ana hoja yake. Jioni boneti ikifunguliwa, huja mwalimu mstaafu asiyepata kuendesha hata baiskeli, akashikilia kwamba ni plagi. Huja mvuvi mwenye mashine ya boti, akaapa kwamba ni petroli. Huja dereva mzee wa shamba la katani, ambaye hasemi neno ila hutikisa kichwa, jambo linalotutisha sote. Na muuza kahawa, aliyekuwa akipita njia nyingine miaka yote, siku hizi huweka birika lake penye ngao ya mbele. Nilipokuwa na gari zima, majirani hawa niliwapungia mkono dirishani nikapita. Tangu nipate lisilokwenda, nawajua mpaka wajukuu wao.

Kwa sababu hiyo naogopa siku litakapopona, nao barazani wanaogopa vilevile, na nina shaka kwamba mmoja wao hulegeza nati usiku.

Lilipona mara moja, kwa nusu siku, na aibu yake haijasahauliwa mtaani kwetu Ngamiani. Mpwa wangu alikuja akasema, "Mjomba, nataka bibi harusi apande Landrova." Nani angekataa heshima hiyo? Mlango wa kushoto, ambao bawaba zake zilikwisha kuliwa, tulikuwa tumeufunga kwa kamba ya katani, basi bibi harusi na somo yake, mwanamke mzito wa heshima na wa mwili, ikawapasa kuingia kwa mlango wa dereva na kuvuka vile vyuma vitatu vya gea. Buibui la somo likanasa kwenye kile chenye kichwa chekundu, ambacho kazi yake ni kulitia gari katika mwendo wa kupandia milima na kutokea topeni. Sikuona. Tukaondoka kwa mngurumo wa kutisha na mwendo wa kobe, matarumbeta yakatupita, waendao kwa miguu wakatupita, akatupita na muuza maandazi aliyekuwa akisimama kuuza. Kisha mvua ikanyesha, ikaingia kwa vile vidirisha vya hewa vilivyo chini ya kioo, ikawamwagikia abiria magotini, na injini ikazimika.

Palibaki hendeli. Bwana harusi, amevaa joho na kilemba, alishuka katika gari lililofuata, akaishika. Nilimsihi aweke dole gumba upande mmoja na vidole vingine, asiizungushie hendeli mkono, kwa maana injini ikirudisha pigo huweza kuvunja kifundo. Akazungusha. Injini ikakohoa, wanawake wakapiga vigelegele. Akazungusha tena, ikakohoa, vigelegele vikazidi, kwa kuwa walidhani ni sehemu ya sherehe, na wapo mpaka leo wanaosema kwamba harusi bila hendeli haijakamilika. Somo peke yake hakupiga kigelegele. Alinitazama, akasema, "Shemeji, hili gari lina mahari yake?"

Mwezi Oktoba 2024 wenye Landrova walikusanyika Arusha kwa mamia, na mimi nilikwenda. Nilikwenda kwa basi. Niliwakuta pale wenzangu kadhaa waliokuja kwa basi vilevile, tukajuana kwa mikono yenye grisi, na tukakaa pamoja kuyatazama magari yanayokwenda kwa macho ya husuda na, sina budi kukiri, ya huruma kidogo.

Msomaji aliye na jozi ya bawaba za mlango wa kushoto wa Landrova fupi ya mwaka 1964, au ajuaye mwembe ambao chini yake zinapatikana, naomba anipashe habari. Bei tutaelewana. Ila azilete barazani jioni, wala asibishe hodi nyumbani, kwa sababu mke wangu ameambiwa kwamba kazi imekwisha.