Jinsi ya Kufika Majuu Bila Kuuza Shamba la Chai la Mzee

Safari ya ng'ambo ikitajwa tu nyumbani, kazi ya kwanza kupatikana huwa ya wakala. Wewe uliyehitimu juzi hujui hata jina la kampuni itakayokuajiri, lakini yeye tayari ana ajira, ana marupurupu, na mwajiri wake ni baba yako. Mwongozo huu nimeuandika kwa nia moja: wakala huyo akose kazi, nawe upate yako.

Sikuambii ubaki. Anayemtaka kijana wa Gusii abaki nyumbani amwonyeshe kwanza mahali pa kubaki. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba katika Kaunti ya Kisii, na robo ekari ya chai kule Nyansiongo ikishagawanywa kwa ndugu watano, hakuna atakayevuna hata gunia la haja. Tena waliotangulia hawakutudanganya. Wauguzi na wahudumu wa wazee walioko Brooklyn Park, Minnesota, wamelipa karo za wadogo zao, wamejenga nyumba za mawe Keroka na Suneka, na wamewazika wazazi wao kwa heshima. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Kwa hiyo nenda. Ila uende kwa shahada yako, si kwa hatimiliki ya shamba la mzee.

Anza na mjomba. Karibu kila ukoo una mjomba aliyekwenda Marekani zamani, na akirudi Desemba hukaa sebuleni kama chuo kizima cha uhamiaji. Atakwambia, "Wewe fika tu, mengine utajipanga ukiwa kule." Msikilize, kisha umuulize kwa adabu: "Mjomba, wewe ulisafiri mwaka gani?" Akisema 1998, mshukuru, mwongezee chai, na ushauri wake uuweke pamoja na historia ya ukoo. Uingereza ilifunga njia ya kuajiri wahudumu wapya wa wazee kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Miezi miwili baadaye, Septemba 2025, rais wa Marekani alitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya visa ya H-1B, ile wanayoitegemea wahandisi na watu wa kompyuta. Mjomba hajasema uongo. Sheria zimemwacha nyuma. Lakini mtu akikuuzia leo kazi ya kuhudumia wazee Manchester, huyo anajua anachofanya.

Sasa wakala. Utamtambua kwa haraka yake. Nafasi zimebaki mbili. Ubalozini ana mtu wake. Jina la mwajiri ni siri mpaka ulipe "ya faili". Usimtukane wala usibishane naye. Muulize maswali matatu tu, polepole, baba yako akiwepo: mwajiri ni nani na yuko mji gani, nambari ya usajili wako katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ni ipi, na risiti itatoka kwa jina la kampuni gani? Mamlaka hiyo iliundwa kwa sheria ya 2016, na orodha ya mawakala wenye leseni iko kwenye tovuti yake, bure. Kama ni kazi ya Uingereza, serikali ya kule nayo huchapisha orodha ya waajiri wote wenye kibali cha kuleta wafanyakazi kutoka nje. Yeyote mwenye simu anaweza kuitazama. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani nambari 181, wa 1997, umeweka msingi kwamba wakala hatakiwi kumtoza mtafuta kazi. Mwajiri anayekuhitaji kweli ndiye anayemlipa aliyekutafuta. Anayetaka umlipe wewe hajakutafutia kitu, amekupata wewe.

Usilegee kwa sababu neno limetoka kwa mkubwa. Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji jijini Berlin, na siku hiyohiyo zikavuma habari kwamba kuna nafasi 250,000 zinazotungoja. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikajitokeza kukanusha: mkataba hauna idadi yoyote. Kufikia hapo, idadi hiyo ilikuwa imeshaingia kwenye makundi ya WhatsApp na kupata watu wa kuiuza. Huko Uasin Gishu, mwaka 2023, wazazi waliandamana Eldoret kudai pesa walizolipa kwa mpango wa masomo ya Finland na Kanada, mpango uliopitia serikali ya kaunti yenyewe. Walikuwa watu makini, wengine walimu. Mhuri wa kaunti uliwaondolea maswali.

Kuna tangazo moja nataka ulikimbie bila kungoja nauli. Linasema: kazi ya kompyuta au ya kuhudumia wateja, Thailand, mshahara wa dola, tiketi tumelipa, uzoefu hauhitajiki. Limewalenga wahitimu hasa, kwa sababu linataka anayejua Kiingereza na kupiga chapa upesi. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikionya juu yake, na mapema 2025 makumi ya Wakenya walirudishwa kutoka Myanmar, walikovushwa mpaka na kufungiwa kwenye majengo wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Tiketi ya bure kutoka kwa usiyemjua ndiyo ghali kuliko zote.

Tukishamalizana na hao, tuingie saiba. Hapo ndipo wahitimu wengi huuawa kimya kimya na wasifu walioandikiwa. Yule kijana wa saiba ana wasifu mmoja kwenye kompyuta yake tangu aifungue biashara. Hubadilisha jina tu. Ndiyo maana mwalimu wa hisabati kutoka Manga, muuguzi kutoka Tabaka na fundi umeme kutoka Ogembo wote wanapenda kuogelea, kusoma riwaya na kukutana na watu wapya. Mwajiri wa Hamburg hana haja na kuogelea kwako. Anataka kujua ulifanya nini ulipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo: wodi gani katika Hospitali ya Rufaa ya Kisii, zamu za muda gani, mashine zipi umewahi kuzishika kwa mikono yako. Andika hayo mwenyewe, kurasa mbili zinatosha. Dini yako, kabila lako na jina la chifu viache nyumbani.

Kisha toa vyeti vyote uviweke mezani na usome majina kwa sauti. Nasisitiza hili kwa sababu limewakwamisha wengi kwetu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Nyaboke, cha KCSE kinasema Nyaboche, kitambulisho kimemtanguliza baba, na shahada imeacha jina la ubatizo. Hapa nyumbani sote tunakujua. Kwa afisa wa visa hao ni watu wanne, na watatu kati yao ni wa kutiliwa shaka. Rekebisha mapema, kwa kiapo au kwa hati ya kubadilisha jina, kabla hujaomba pasipoti. Pasipoti yenyewe unaiomba kwenye eCitizen na kupigwa picha na alama za vidole katika ofisi ya uhamiaji hapahapa Kisii. Ile ya kurasa 34 imekuwa shilingi 7,500 tangu 2024. Ukiombwa cheti cha tabia njema, nacho kinaombwa kwenye eCitizen. Na vyeti vyako halisi visilale kwa mtu. Wakala anayevihifadhi "ili visipotee" ameshika mateka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kila mhitimu wa Kisii na Nyamira alijue, maana ni hesabu na haina mjomba ndani yake. Tangu Juni 1, 2024, Ujerumani ina kibali kiitwacho Chancenkarte, kinachomruhusu mtu kwenda kutafuta kazi kwa mwaka mmoja. Unahitaji shahada, au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili, yanayotambuliwa na nchi uliyosomea. Unahitaji Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Halafu unahitaji alama sita. Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakidhani alama ni za wazoefu. Haya, tuhesabu. Hujafika miaka 35: alama 2. Umesoma Kijerumani mpaka B2: alama 3. Kiingereza chako kimepimwa na kufika C1: alama 1. Jumla sita, na bado hujafanya kazi hata siku moja. Kijerumani kikiishia B1, una 2 badala ya 3. Basi taaluma yako ikiwa katika zile zenye uhaba wa watu, kuna alama 1 ya kuziba pengo. Hakuna mtu wa ubalozini wa kuonwa. Alama hazijui ukoo.

Kikwazo ni pesa. Lazima uonyeshe una cha kujikimu, na kwa 2025 kiwango kilikuwa yuro 1,091 kwa mwezi, yaani karibu shilingi milioni mbili kwa mwaka, zikiwa zimefungiwa kwenye akaunti maalumu. Ni nyingi, sitakuficha. Ila angalia tofauti: pesa za akaunti hiyo ni zako, unazila mwezi kwa mwezi ukiwa kule. Za wakala umezipa kwaheri. Asiye nazo ana njia ya pili, mafunzo ya kazi ya Kijerumani yaitwayo Ausbildung, ambapo anayesomea uuguzi hulipwa zaidi ya yuro 1,000 kwa mwezi huku akijifunza. Mwenye shahada huiona njia hii kama kurudishwa darasani. Mimi naiona ni mkataba, na mwenye mkataba hauzi shamba.

Njia zote mbili ukizitaka kwa dhati zinapita kwenye lugha, kwa hiyo kabla hujampa mwalimu wa Kijerumani ada, muulize yeye mwenyewe alifaulu kiwango gani na akuonyeshe cheti. Mtihani unaweza kuufanyia Goethe-Institut, Nairobi. Kutoka sifuri hadi B2 panga takriban mwaka mmoja wa kusoma kila siku, na usikubali anayekuahidi miezi miwili.

Wauguzi, ninyi mna njia zenu. Uingereza na Kenya zina makubaliano ya Julai 2021 kuhusu wahudumu wa afya, na muuguzi aliyesajiliwa bado anaweza kuomba kule. Kilichofungwa ni uhudumu wa wazee. Marekani inataka ufaulu mtihani wa NCLEX, ambao haukubali bahasha. Walimu, msiharakishe: mpango wa kubadilishana walimu wa Marekani, kwa visa ya J-1, unataka miaka miwili ya kufundisha. Fundisheni Nyamira kwanza miaka hiyo miwili, mpate barua ya mwalimu mkuu, ndipo muombe.

Na sasa harambee, maana bila harambee hatuendi popote. Kamati imeundwa, mwenyekiti ni mzee wa kanisa, kwaya ya vijana wa Sabato imeshona sare, kuna hema, mbuzi wawili na mpiga picha. Msafiri amevaa suti na bado hana visa. Ombi langu ni kwamba mbadilishe tarehe. Harambee ifanywe mapema sana, isiyo na hema, ya kulipa masomo ya lugha na mitihani, na risiti zisomwe mbele ya waliochanga. Ya kuaga ifanywe visa ikishabandikwa kwenye pasipoti na mkataba ukishasomwa na mtu mwingine asiye wakala.

Nasema haya kwa uchungu. Mtu akishaagwa kwa nyimbo, harudi kijijini kusema ametapeliwa. Hujificha Nairobi, Pipeline au Kawangware, akipiga picha karibu na uwanja wa ndege ili mama asijue. Wengine hukubali safari yoyote, hata ya Thailand, kuliko kuonekana Daraja Mbili siku ya soko. Wakala anaijua aibu hiyo na ndiyo inayomlinda. Hashtakiwi kwa kuwa hakuna anayetaka kusimama kortini aseme shamba la baba limekwenda. Mwezi ujao yuko kijiji cha pili, na faili lilelile. Kenya ina sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu tangu 2010, na Idara ya Upelelezi wa Jinai ina ofisi Kisii na Nyamira. Sheria hiyo haina nguvu pasipo mlalamishi.

Basi wazee wa kamati, nawasihi: kabla ya kutangaza mchango, ulizeni jina la mwajiri na mlitafute wenyewe. Ninyi mlioko Minnesota, mkituma pesa za msafiri, tumeni pia saa moja ya kuipigia simu kampuni hiyo, ikiwa iko kwenu. Serikali za kaunti zote mbili, fungueni madarasa ya Kijerumani katika vyuo vya ufundi mlivyo navyo, na bandikeni orodha ya mawakala wenye leseni kwenye mlango wa kila ofisi ya chifu. Na wewe uliyetapeliwa tayari, rudi nyumbani na uandikishe taarifa polisi. Aibu si yako.