Turbo, Mbuzi na Mama Mkwe

Ugomvi ulianzia kwenye tundu la boneti. Mke wangu alitaka RAV4 ya kawaida, kwa sababu kila fundi kuanzia Mbulu mjini hadi Haydom anaifungua huku anapiga soga. Mimi nilitaka Subaru Forester, tena ile XT yenye turbo, iliyotobolewa juu ya boneti kama pua ya nyati aliyeudhiwa.

"Lile tundu la nini?"

"La kupozea hewa."

"Hewa ya Mbulu nayo inahitaji kupozwa?"

Nikajipanga upya. Injini ya kawaida, nikamwambia, hujivutia hewa kwa pumzi zake yenyewe, na huku kwetu hewa ni nyepesi. Ukifika mita 2,000 imepungua karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na ya Tanga, na nguvu za injini zinapungua nayo. Turbo hudaka moshi ambao ungepotea bure kwenye ekzosi, ikazungushia pangaboi dogo zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na pangaboi la pili likashindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Ndiyo kazi ya tundu. Nikamtolea na historia: Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905, na mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000, kuthibitisha kwamba turbo hurudisha nguvu zilizoliwa na mlima.

"Huyo Moss," akauliza, "alipanda na mama mkwe?"

Kilichomlainisha ni hesabu. Forester za Japani za toleo lililoanza mwishoni mwa 2007, nyingi zina cc 2000, iwe na turbo au isiwe nayo. Isiyo nayo ina nguvu farasi 148, iliyo nayo 230. Ngazi ya ushuru hupangwa kwa cc, farasi hawaulizwi. Farasi 82 wanapita forodhani bila kuhesabiwa! Kuhusu unywaji wa petroli nilinyamaza, naye hakuuliza, jambo ambalo lingenitia shaka kama ningekuwa na akili siku ile.

Safari ya kwanza ya maana ya Forester yetu ilikuwa kwenda Katesh kumchukua mama mkwe, aje akae nasi mwezi mmoja. Tuliteremka kupitia Dongobesh hadi Dareda, buti limejaa vitunguu swaumu. Kuteremka hakuna gari baya. Ukweni, chini ya Mlima Hanang, nilifungua boneti, na mashemeji wanne wakainamia injini kama waliokuja kumtazama mtoto mchanga. Sifa zikanipanda. Nikalegeza klipu ya mpira mmoja, wapate kuchungulia ndani. Wakati wa kuifunga bisibisi haikuonekana, nikaikaza kwa sarafu ya shilingi mia mbili.

Kurudi, mama mkwe alikaa mbele, mke wangu nyuma na watoto watatu, na kwenye buti mbuzi wa zawadi, miguu imefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Tulipoanza kuupanda mlima wa Dareda niliipita Noah ya abiria kwa madaha, nikamtazama mke wangu kwenye kioo. Alikuwa anatazama nje.

Kona ya pili: *pwaa!* Gari likalegea, nyuma yetu moshi mweusi kama tanuru la matofali. Klipu yangu ya sarafu ilikuwa imeachia. Injini ile hupima hewa mlangoni, ikajimwagia petroli kulingana na kipimo; sasa hewa iliyokwisha kuhesabiwa ilikuwa inatorokea njiani, na petroli inaungua nusunusu. Noah ikatupita. Konda akatupungia mkono, kwa adabu kabisa, nadhani hicho ndicho kilichouma.

"Mkwe," akasema mama mkwe, "ndiyo turbo yenyewe hii?"

Alishuka, akatazama mpira uliochomoka, akaenda nyuma, akamfungua mbuzi. Ule ukanda wa tyubu akauzungusha kwenye maungio yale mara saba, akivuta kwa meno. Tulipanda taratibu, nisithubutu kukanyaga mafuta, mbuzi aliye huru amepitisha shingo katikati ya viti vya mbele akinihemea sikioni hadi Dongobesh. Nyumbani tulifika usiku, ukungu umeshashuka. Nikazima injini papo hapo, kwa aibu tu.

Fundi alikuja kesho yake, akaweka klipu mpya kwa dakika tano. Kisha akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akaniita pembeni kama daktari anayeita ndugu wa mgonjwa. Oili ilikuwa nyeusi tititi. Mhimili wa turbo, akasema, unaelea juu ya oili hiyohiyo ya injini. Ukizima gari likiwa na moto wa mlima, oili husimama mle na kuungulia hapo. Ibadilishwe kila kilomita 5,000, na baada ya kupanda, gari liachwe lingurume dakika moja kabla ya kuzimwa. Turbo hizi hupozwa na maji pia, kwa hiyo ukitoka sokoni polepole hiyo dakika si lazima. Hilo nalijua. Lakini mama mkwe alitufuata pale pembeni, akaisikia dakika ile ya fundi, na kwake imekuwa sheria.

Mwezi wake mmoja haujaisha hadi leo. Tukifika nyumbani, hata tukitoka hapo dukani, hakuna anayegusa mlango. Mama mkwe huinamisha kichwa na kuitumia dakika ya turbo kuomba: anaanza na wasafiri, anawataja wagonjwa, anawakumbuka wa Katesh waliofukiwa na tope la Desemba 2023, kisha mashemeji mmoja mmoja kwa majina. Dakika imeshakuwa nne. Watoto hufumba macho yote mawili. Mama yao hufumba moja. La pili liko kwenye geji ya mafuta.