Naomba Kibali cha Kuzika Uniti Zangu

Kwa Waheshimiwa Mlioandika Kanuni za Umeme wa Paa,
Nairobi.

MINT: MAZISHI YA TAREHE 30 JUNI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu za heshima kutoka kwetu sisi wenye paneli mbili tatu juu ya mabati. Kwanza hongera. Sheria ya Kawi ya 2019 ilisema mwananchi mwenye mtambo usiozidi megawati moja anaweza kuingiza stima yake ya ziada kwenye gridi na akahesabiwa. Kanuni za kutekeleza jambo hilo zikatoka 2024. Miaka mitano tulisubiri bila kunung'unika, tukijua wakubwa wanapiga hesabu. Na kweli hesabu ilipigwa: kila uniti nzima tunayotoa, tunaandikiwa nusu.

Sheria hiyohiyo ilitangaza kwamba soko limefunguliwa na wauzaji wengine wa stima wanakaribishwa. Mimi bado nanunua kwa yuleyule kila mwezi. Mtanisamehe, moyo wangu ni mwaminifu mno.

Sasa, uniti ikitoka kwenye paa langu saa saba mchana haisafiri mbali. Inaruka ua, inaingia kwa jirani, inamchemshia chai. Jirani anailipia nzima: bei yake, ada ya mafuta, marekebisho ya sarafu za kigeni, marekebisho ya mfumuko wa bei, ada ya umeme wa vijijini, ada ya mdhibiti, ada ya maji, kisha VAT ya asilimia 16 inakuja kufunga kazi. Ada ya mafuta, waheshimiwa, kwa uniti iliyotoka juani! Najua mtaniambia nguzo zina gharama, transfoma zina gharama, nyaya nazo zinaibwa. Nakubali. Basi niandikieni ada ya nguzo niione kwenye bili na jina lake, kama mlivyoziandika hizo nyingine, badala ya kunikata nusu gizani.

Na hiyo nusu yenyewe si pesa. Ni tarakimu kwenye akaunti, ya kupunguzia bili zijazo. Mwaka wa fedha ukiisha, tarehe 30 Juni, kilichosalia kinafutwa. Hapo ndipo linapoanzia ombi langu.

Kwetu hatufutani hivihivi, tunazikana. Naomba kibali. Kamati ya mazishi tayari inakutana kila jioni, mwenyekiti akiwa yule jirani wa chai, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuwaona marehemu wakiwa hai. Michango inatumwa kwa simu, na ili tusivunje kanuni zenu, kila anayetuma shilingi mia anaandikiwa hamsini. Asipouliza kabla ya mwisho wa Juni, hakuwahi kuchanga. Tangazo la redio limeandaliwa: “Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kuaga dunia kwa wapendwa wetu, Uniti, wana wa Jua na Paneli, walioitwa ghafla usiku wa manane wakiwa na afya njema. Wameacha inveta mjane na bili ya Julai.” Hema na viti vya plastiki tumeshavilipia. Kipaza sauti kitatumia jenereta, maana siku hiyo stima haitakuwepo, na hilo halihitaji mganga kulijua. Chifu atatoa salamu za serikali. Mheshimiwa mmoja atasema hakuja kupiga siasa, kisha apige siasa saa nzima. Huyo naye tumemwandikia nusu. Wageni watapewa pilau sahani nusu. Kaburi litakuwa futi tatu.

Ninachowaomba ni muhuri tu, na mmoja wenu aje kusoma wasifu wa marehemu. Asiogope. Hatutamuuliza walikoenda.

Mengine ni madogo. Jua lipewe leseni, kwani tangu zamani linazalisha kawi bila idhini. Ilani za kukatwa stima kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni zisomwe kanisani pamoja na matangazo ya ndoa. Na Bunge lishukuriwe rasmi kwa kutubandikia VAT kwenye vifaa vya sola mwaka 2020 na kutuondolea 2021. Si kila siku mtu anasamehewa kosa ambalo hakulitenda.

Kuhusu hiyo stima kukatika, kuna jambo nataka mlione kwa macho. Inveta iliyofungwa kwenye gridi bila betri hujizima gridi ikipotea, ili isimrushe fundi aliye juu ya nguzo. Ni haki, hatutaki mtu afe. Kwa hiyo saa saba mchana, jua likiwaka mabati yakilia, friji inayeyuka, taa nyekundu ya inveta inapepesa, na mwenye paneli ameketi mlangoni akijipepea kwa bili.

Halafu namkumbuka mwekezaji wa upepo. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 ilikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya kuileta stima hiyo Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikakamilika 2018. Kwa ucheleweshaji huo wenye mradi walilipwa mabilioni ya shilingi. Stima ambayo haikuwasha hata balbu moja nchini ililipiwa, kwa sababu mkataba ulisema hivyo. Siwalaumu, mkataba ni mkataba. Lakini yangu imefika! Imepita kwenye mita yenu, mkaisoma, mkaiuza, mkapokea pesa. Mwenye megawati analipwa hata asipoleta, mwenye paa anaporwa hata akileta, halafu mnaniita mshirika katika soko jipya la kawi. Mshirika wa nani? Hiyo si biashara. Ni kunyang'anywa kwa risiti.

Poleni, waheshimiwa, ni uchungu wa mfiwa. Kibali si lazima mkitoe. Kanuni zenyewe mnaweza kuzibadilisha kabla ya Juni: futeni nusu, futeni ile tarehe ya kufuta, na uniti inayouzwa kwa jirani alipwe aliyeizalisha, kwa pesa.

Ni mimi wenu mtiifu,
Mwenye Paa,
Kitengela.