Jani Lisiloingia Chunguni

Mimi jani nalifahamu kwa hali mbili tu: ama limo chunguni, ama linasubiri fagio. Kisamvu, msusa, mchicha, matembele, hayo ndiyo majani. Yaliyobaki ni takataka za uani. Kwa hiyo mnisaidie kuelewa ilikuwaje nikajikuta kiti cha nyuma cha gari, katikati ya Oktoba, nimebanwa baina ya Dada Mkubwa na hotipoti la chapati, tunakwenda Vermont kutazama majani yakifa.

Tunaoishi huku kaskazini-mashariki mwa Marekani tunaujua ugonjwa huu. Septemba ikianza kuisha, watu wazima wenye kazi zao na mikopo yao ya nyumba wanaulizana kama rangi zimeshakolea. Mtandaoni kuna ramani zinazoonyesha majani ya wapi yamefikia kilele na ya wapi bado yanajivuta. Hoteli nazo zinafuatilia, na bei hubadilika rangi kabla ya majani. Chumba ambacho Aprili wangekubembeleza ukichukue, Oktoba unakiomba kwa adabu, tena wanakulazimisha ulipie siku mbili, utadhani kuna jani litakalochelewa kuripoti.

Tulitoka Worcester asubuhi. Dereva alikuwa shemeji yangu, mtoto wa Tanga aliyekaa huku mpaka akawa mkali wa sheria kuliko wenye nchi. Njia panda za vijijini huku mara nyingi zina kibao cha kusimama kila upande: wote mnasimama, aliyetangulia kufika anatangulia kuondoka. Utaratibu mzuri, sina ugomvi nao. Lakini Shemeji anasimama hata pasipo na gari, mtu wala ng'ombe, na akishasimama anatulia.

"Shemeji, tunamsubiri nani?"

"Sheria."

Kiti cha mbele alikalia Papa, Mkongo wetu wa Bukavu, ambaye hakuna jambo asilokuwa na maelezo yake. Akatufundisha kwamba siku zinapofupika mti huacha kutengeneza ule ukijani unaopika chakula chake. Ukijani ukiondoka, umanjano uliokuwemo ndani ya jani siku zote ndipo unapoonekana. Wekundu ndio mgeni: unatengenezwa wakati huohuo, kwa sukari iliyonasa kwenye jani, na hukolea mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi isiyofikia kugandisha. Dada Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta mtandio wake.

"Kwa hiyo mti umeacha kupika, na sisi tumekuja kuupigia makofi."

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu lote. Kwa mtu wa kwetu, safari ni kula. Ukipita Muheza gari halijasimama sawasawa, machungwa yameshaingia dirishani na mwenye machungwa anakudai. Vermont unaweza kuendesha kutwa nzima na dirishani usiingie hata upepo, maana Shemeji amefunga vioo kulinda joto. Mabango ya matangazo ya barabarani walishayapiga marufuku kwa sheria mwaka 1968, ili yasizibe mandhari. Wageni husifu sana uamuzi huo. Wageni walioshiba. Bango ni ndugu wa mwenye njaa. Ndilo linalomwambia akaze moyo, mbele kidogo kuna kuku. Tulipokaribia Montpelier nikapata matumaini, maana ni mji mkuu wa jimbo. Shemeji akanijulisha, tena kwa fahari, kwamba wakazi wake hawafiki 10,000 na kwamba katika miji mikuu yote ya majimbo ya Marekani, huo ndio usio na McDonald's. Nikarudi kwenye hotipoti.

Biashara tuliyoikuta barabarani haikuwa na mfanyabiashara. Nje ya shamba moja palikuwa na meza ya mbao imepangwa maboga, kila boga limeandikwa bei ubavuni, na pembeni kiboksi cha chuma chenye tundu. Unatumbukiza pesa, unachukua boga, unakwenda zako. Dada Mkubwa, ambaye miaka yake ya Kariakoo haijamtoka mwilini, aliizunguka meza ile akimtafuta mtu wa kumwambia apunguze. Akaliinua boga moja, akaligonga kwa kidole, akaguna, akalirudisha. Akaondoka hatua tatu kwa mwendo wa mteja aliyeghairi. Hakuna aliyemwita. Akarudi.

"Bei isiyokuwa na wa kubishana naye ni dhuluma," alisema, akatumbukiza dola zote, moja moja, ili zisikike zinavyouma.

Papa yeye aliulizia majani ya yale maboga. Tukachungulia nyuma ya meza: jalidi ilikwisha kupita, mashina yamelala chini, msusa wote mweusi. Majani pekee ya maana niliyoyaona safari nzima, nayo yamekufa bila hata kupigwa picha. Na mengi ya maboga yenyewe wala hayaendi jikoni. Yanachongwa macho na meno, yanatiwa mshumaa tumboni, yanawekwa barazani mpaka tarehe 31 Oktoba ipite, kisha yanaachwa yaoze. Boga ambalo kwa tui la nazi lingefuturisha nyumba nzima linaishia kutishia watoto.

Halafu kuna suala la kuchimba dawa. Barabara ya msituni, nani asingedhani nafasi ipo? Lakini mti wa kwanza una kibao cha kukataza watu kuingia, wa pili nao una kibao, na Papa akatukumbusha kwamba Oktoba wawindaji wa paa kwa mishale wameshaingia kazini. Wenyeji huvaa nguo za rangi ya chungwa kali wasije wakadhaniwa ni kitoweo. Mimi nilikuwa na koti la kahawia. Nikagundua naweza kuvumilia.

Madaraja yenye paa tuliyapita pia. Vermont yamebaki kama 100. Paa ni la kukinga mbao zisiozeshwe na mvua, maelezo niliyoyapokea kwa furaha kwa kuwa hayakuwa na jani ndani yake. Refu kuliko yote tuliyopita ni lile la Cornish–Windsor, la mwaka 1866, linalovuka mto Connecticut kuingia New Hampshire. Juu ya mlango wake kuna onyo: farasi watembezwe taratibu, la sivyo faini ni dola mbili. Shemeji akapunguza mwendo mpaka nikasikia mbao zikilalamika moja moja.

"Shemeji, wewe huna farasi."

"Injini hii ina farasi 180. Fanya hesabu."

Dada Mkubwa aliokota tawi moja jekundu, akalipiga picha na kulituma kwenye kundi la familia. Mtandao ulipopatikana, shangazi alikuwa ameshajibu kutoka Tanga: "Poleni. Huo mti unaumwa nini?" Nilimpenda zaidi siku hiyo.

Jioni tulipata mgahawa wa kijijini na pai ya matofaa, na juu yake kipande cha jibini. Nilipotaka kulalamika, Papa akasema ni sheria. Na kweli ni sheria: mwaka 1999 Vermont iliitangaza pai ya matofaa kuwa pai rasmi ya jimbo, ikataka wanaoiandaa wajitahidi kuileta na maziwa baridi, au jibini ya cheddar isiyopungua nusu aunsi, yaani kama gramu 14, au aiskrimu ya vanila. Nawafikiria waheshimiwa wakiomba mwongozo wa Spika kuhusu uzito wa jibini. Wangeongeza kifungu cha pilipili, ningewapigia kura.

Sasa Shemeji ameshapanga safari ya Machi. Eti huo ndio wakati wa kukinga utomvu wa miti ya maple na kuuchemsha uwe shira, lita 40 za utomvu kwa lita moja. Kusikia mti na sufuria vikitajwa pamoja, moyo ulianza kulainika. Nikauliza barabara za huko Machi zikoje. Zaidi ya nusu ya barabara za Vermont ni za udongo, theluji inayeyuka, na kipindi hicho wenyeji wanakihesabu kuwa msimu kamili, msimu wa matope. Shemeji anasema mwezi huo hoteli ni rahisi. Hazitabaki rahisi. Siku wenye hoteli watakapong'amua kwamba kuna watu walilipia siku mbili kutazama majani yaliyokufa, na matope nayo yatachorewa ramani ya kilele.