Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: watoto waagizwe kukua haraka

Katibu Mkuu,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

YAH: WATOTO KUENDELEA KUWA WADOGO KINYUME NA VIFAA VILIVYOPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima na taadhima naleta kwako malalamiko dhidi ya watoto wa nchi hii. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na zaidi ya wanne katika kila kumi hawajafika miaka 15. Serikali imejitahidi. Imejenga vyumba vya upasuaji hadi kwenye vituo vya afya, utepe ukakatwa, ngoma zikapigwa. Vyumba hivyo vilikusudiwa kwanza mama anayeshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida, na mama wengi wamepona humo. Sasa mama anapasuliwa salama, mtoto anatoka analia, halafu baada ya miezi michache mtoto huyohuyo anathubutu kurudi na ngiri iliyobana utumbo, akiwa na kilo saba! Mkanda wa kupimia presha ni wa mkono wa mtu mzima. Kibanio cha kupima oksijeni kinachomoka kidoleni. Mpira wa kupumulia wa saizi yake eti umeisha. Ulikuwepo lini, stoo hawakumbuki. Anaandikiwa rufaa.

Naomba utolewe waraka: ni marufuku kuugua ugonjwa wa kupasuliwa kabla ya kutimiza kilo 50.

Maumbile yao nayo ni ya kibishi. Kwa kila kilo ya uzito, mtoto mchanga hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima. Pumzi ikisimama, akiba inamwishia upesi, na mapigo ya moyo yanapungua wakati mtaalamu wa usingizi bado anapekua droo kutafuta barakoa ndogo. Joto linamtoka haraka. Dawa yake hupigiwa hesabu kwa kilo, na nukta ikikaa pasipo pake anapewa mara kumi. Mtu mzima ana subira zaidi katika mambo haya.

Huyo anayepekua droo simlaumu. Hospitali ya wilaya mara nyingi inamtegemea muuguzi au tabibu aliyesomea usingizi kwa mwaka mmoja. Shirikisho la kimataifa la vyama vya madaktari wa usingizi linashauri walau madaktari bingwa 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000; kwa hesabu ya sensa yetu ni zaidi ya 3,000. Sisi hata mmoja kwa kila 100,000 hatujafikisha. Pengo hilo limezibwa kwa miaka mingi na ketamini, dawa ambayo mtoto akichomwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe, presha haiporomoki, wala haidai umeme. Naomba Mei Mosi ijayo ipewe cheti cha mfanyakazi bora. Haijawahi kuomba posho wala uhamisho.

Kuna pia suala la kufunga. Mtoto wa miaka miwili anaambiwa asile wala asinywe kuanzia saa sita usiku. Miongozo inaruhusu maji matupu hadi zibaki saa mbili kabla ya usingizi, lakini zamu yake haijulikani itaingia saa ngapi, basi anafunga tu. Saa nne asubuhi analetwa mama wa dharura. Mtaalamu ni mmoja, mashine ni moja, na hakuna mwenye akili atakayepinga mama atangulie. Saa nane mchana mtoto anaambiwa arudi kesho. Saumu hiyo hakuna dini iliyomfaradhishia. Sukari imeshuka, na bibi yake pale kwenye benchi ameshaficha uji ndani ya chupa ya chai. Bibi anaonywa kwamba uji ukiwa tumboni mtoto anaweza kupaliwa akiwa usingizini. Ni kweli anaweza. Ndiyo maana ilifaa bibi atajiwe saa.

Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofuatilia watoto zaidi ya 8,600 waliopasuliwa katika hospitali 249 za nchi 31 za Afrika. Asilimia 18 walipata matatizo baada ya upasuaji; asilimia 2.3 walifia hospitalini. Si wote waliouawa na usingizi, wengine walipata maambukizi. Hapo sina kejeli.

Najua mtanijibu kuwa ulikuwepo Mpango wa Taifa wa Upasuaji, Uzazi na Usingizi wa 2018 hadi 2025, na kwamba madaktari bingwa wanazunguka wilayani kwa kambi. Nashukuru. Watoto waelekezwe kuvunjika mikono na kubanwa ngiri ndani ya wiki ya kambi.

Iwapo mapendekezo haya yatakataliwa, mbadala wake ni mizani, mikanda midogo, barakoa na mipira ya kila saizi, na vibanio vya vidole vidogo, pamoja na mtu wa pili wa usingizi kwa kila wilaya aliyefundishwa kuhudumia watoto. Vifaa vyote vinaenea kwenye kabati moja ambalo bei yake haifikii shangingi la mkurugenzi. Kasoro ya kabati ni kwamba halikatiwi utepe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, kilo 9 mgongoni.

Nakala:
TAMISEMI – kwa utekelezaji.
Bohari ya Dawa – kwa taarifa.
Mtaalamu wa usingizi wa wilaya – atasomewa akiwa kazini, mikono yake haina nafasi.