Dawa ya Mafua Haikai Chaji

Mpwa wangu ana sigara ya umeme ya kuchaji, ladha ya embe. Mama yake, yaani dada yangu, anajua ni dawa ya mafua. Ndivyo alivyoambiwa, na mimi sikuulizwa.

Ilipokuwa mpya ilimtosha pale Forodhani, Unguja, jioni nzima, tangu vijana wanapiga makachu ukutani hadi wauza pweza wanakunja meza. Sasa hata magharibi haifiki. Anavuta mara tatu, kitaa kinakonyeza, imezima. Tukimaliza urojo inafufuka, inatoa mvuto mmoja, inakata roho tena.

Forodhani mafundi hawaitwi, wanakuja wenyewe. Muuza juisi ya miwa, mkono haujaacha kuzungusha mashine, akasema iachwe iishe kabisa ndiyo ichajiwe. Ushauri mzuri huo, kwa betri za zamani za nikeli na kadmiamu. Hizi za lithiamu, zilizoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991, kuishiwa kabisa kunaziumiza. Mpishi wa pizza akataka iwekwe friza. Mzee wa kahawa akasema ni jini, na kwa kuwa hilo halina kipimo, tukaliacha.

Kinachotokea ni hiki. Ukichaji, lithiamu inahamia upande wa grafiti, ukitumia, inarudi. Juu ya grafiti kuna utando mwembamba unaozidi kunenepa, na kila safari unanasa lithiamu kidogo isirudi tena. Ni kama boti ya Dar: kila safari abiria wachache wanashuka Malindi, wanapata mchumba Ng'ambo, basi tena. Boti nzima, injini nzima, wa kurudi hawapo. Utando huohuo unaubana umeme usipite vizuri, na sigara ile inataka umeme mwingi kwa mkupuo ili ipashe waya moto. Betri iliyochoka ikivutwa hivyo, volti zinaporomoka na kifaa kinajizima, japo chaji bado imo. Ikipumzika, volti zinapanda kidogo. Jini la mzee wa kahawa ndilo hilo.

Linaloharakisha yote ni joto pamoja na chaji iliyojaa pomoni. Betri ikikaa imejaa mwaka mzima kwenye nyuzi 40, hupoteza takriban theluthi ya uwezo wake. Na hapo ndipo anapoingia dada yangu.

Dada ni mhanga wa lile giza la Disemba 2009, Unguja ilipokaa miezi mitatu bila umeme wa gridi. Tangu hapo haamini soketi. Kila usiku anazunguka nyumba na nyaya shingoni: simu, taa, redio, vyote vijae mpaka alfajiri. Dawa ya mafua anaichaji juu ya friji, nyuma kule panapofukuta, tena kaifunika kitambaa isiingie vumbi. Mapenzi ya mama hayo, ndiyo yanayoiua.

Nikamwambia kijana dawa yake ni rahisi: aichomoe ikifika asilimia themanini, na asiiweke juu ya friji.

"Mjomba, nitamwambiaje mama?"

"Mwambie ukweli."

Akaniangalia kama niliyemwambia arukie baharini na nguo za Idi. Jana dada kanipigia simu, kafurahi kweli. Kaona mwanawe anahangaika, kaenda Darajani kumnunulia pawabenki kubwa, atembee nayo mfukoni, dawa isipungue hata asilimia moja.