Karani Kashika Mwiko

Msyuu! Sheikh, mmemwona jirani yetu wa Shangani? Keshavua kanzu, kajifunga kikoi, kashika mwiko. Ukuta wa nyumba ya babu yake umebanduka lipu, naye kaapa hampi fundi hata shilingi. Na mfuko wa simenti ule pale, mlangoni.

Hapa barazani wanamcheka: karani huyu, tangu lini akajua ujenzi? Mimi hilo silicheki. Mafundi wangapi mjini hapa wanapiga simenti hiyohiyo, tena kwa pesa nzuri? Ubaya hauko kwa aliyeshika mwiko, uko kwenye kilichomo mwikoni.

Nyumba za Mji Mkongwe hazikujengwa kwa simenti, jamani. Ni mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu, kuta za nusu mita au zaidi. Zinanyonya maji ya mvua na ya ardhini, kisha upepo na jua vinayatoa. Ukizifunika kwa simenti, maji yanaingia kwenye nyufa, pa kutokea hayaoni. Chumvi inajaa, lipu inaachana na ukuta, ukiigonga kwa kidole unasikia uwazi ndani. Na mtu anaongeza simenti nyingine juu yake! Aka!

Hasara kubwa huioni. Iko pale boriti inapoingia ukutani. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari, ndiyo maana vyumba vyetu vyembamba, upana mita 3 hivi basi. Maji yakikwama, ncha inaoza huku katikati pamepakwa rangi panang'aa. Chukua msumari, uchomeke pale penye ncha. Ukizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, toa watoto humo kwanza, habari za lipu baadaye.

Wala asijidanganye. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande tarehe 25 Desemba 2020, nalo lilikuwa likikarabatiwa. Watu wawili wakafa. Jumba la serikali hilo, sembuse yeye na ngazi ya kuazima?

Haya, lipu anaiweza. Aende Mamlaka ya Mji Mkongwe akachukue kibali, abandue simenti yote, auache ukuta ukauke. Kisha apige chokaa tabaka jembamba jembamba, akiirashia maji isikauke upesi, maana chokaa hukomaa kwa hewa, taratibu. Lakini boriti asiiguse. Hiyo amwite fundi mzee wa mji, anayeegemeza dari kwa miti kabla hajachomoa hata jiwe moja.

Najua atasema chokaa inachelewa. Inachelewa kweli. Babu yake aliingoja, ndiyo maana leo mjukuu ana nyumba ya kuiharibu.